Mwambie bosi wako asome hesabu za Nintendo

Marahaba, mwanangu. Sisi wazima, baba yako ana kikohozi tu cha vumbi.

Ujumbe wako niliusoma harakaharaka, kisha nikaurudia nimevaa miwani. Unasema studio yenu hapo Montreal, ambayo tangu ianze inatengeneza gemu za konsoli, yaani mashine za kuchezea gemu kama Switch na PlayStation, imepata mtu wa kuweka fedha, na sharti lake ni kwamba gemu ijayo iwe ya simu, ya kupakua bure. Bosi amewataka kila mmoja aandike maoni yake, nawe umeona umuulize mhasibu mstaafu ambaye pedi ya kuchezea gemu ameishika pale tu alipokuwa anaiondoa kwenye kochi akae. Haya. Gemu zenyewe sizijui. Hesabu za kampuni nazisoma, na tangu uingie kwenye kazi hii nimekuwa nikizifuatilia za Nintendo, kampuni ya Japani inayotengeneza Switch, kama shangazi yako anavyofuatilia tamthilia.

Jibu langu ni msikubali sharti hilo. Ila usiende kumwambia bosi kwamba simu zinashusha hadhi ya gemu, maana hiyo ni hoja ya majivuno na mwenye fedha ataicheka. Hoja yenyewe iko kwenye vitabu.

Mwaka 2011 Nintendo walikuwa pabaya. Mashine yao ya mkononi, 3DS, iliingia Marekani mwezi Machi kwa dola 249.99 na watu hawakuigusa. Agosti wakaishusha hadi dola 169.99, na rais wao, Satoru Iwata, akajikata nusu ya mshahara wake mwenyewe. (Niliwahi kufanya kazi chini ya wakurugenzi wa kila aina, na huyo sikumwona.) Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2012 ukafungwa kwa hasara ya yeni bilioni 43 na ushee. Halafu ikaja Wii U, ambayo katika maisha yake yote iliuza mashine milioni 13.56, wakati ndugu yake mkubwa Wii alikuwa amepita milioni 100. Wenye hisa wakapiga kelele kuhusu mhusika wao maarufu: mtieni Mario kwenye simu! Iwata akakataa. Alisema wazi kwamba wakifanya hivyo Nintendo haitakuwa Nintendo tena.

Machi 2015 akakubali. Namna alivyokubali ndiyo ninayotaka uitazame, kwa sababu hapo ndipo mtu wenu wa fedha na Iwata wanapoachana njia. Hakuwatoa mafundi wake kwenye mashine akawahamishia kwenye simu. Alitafuta mwenza, DeNA, kampuni ya Tokyo iliyokuwa imekomaa kwenye mambo ya seva na akaunti za wachezaji, wakabadilishana hisa za yeni bilioni 22 kila upande. Na siku hiyohiyo, mkutano huohuo, akatangaza kwamba kuna mashine mpya inatengenezwa, wakati huo ikiitwa NX, ili mtu asije akadhani wamehama. Lengo alilolitaja ni kwamba simu iwafikie watu wengi zaidi, wawajue wahusika wa Nintendo, kisha waje kununua mashine. Julai mwaka huo akafariki, ana miaka 55, kabla hata gemu moja ya simu haijatoka.

Warithi wake wakafanya kitu ambacho mwalimu wa biashara angelipa kukiona: walijaribu njia mbili karibu kwa wakati mmoja, na matokeo yake yako hadharani.

Desemba 2016 wakatoa Super Mario Run kwenye iPhone. Unaonja hatua chache bure, ukipenda unalipa dola 9.99 mara moja, basi, gemu yako. Biashara ya kiungwana kabisa. Ndani ya siku nne watu milioni 40 waliipakua, na kufikia mwisho wa Januari walikuwa milioni 78. Kati yao walionunua walikuwa zaidi ya asilimia 5. Mtu angeona ni nyingi, kwa ukubwa wa umati ule, lakini Nintendo wenyewe walikiri kwamba hawakufika walipotarajia. Na huyo ni Mario! Kama kuna mtu duniani anayeweza kumdai mwenye simu dola kumi, ni yeye.

Februari 2017 wakatoa Fire Emblem Heroes. Hii ni bure, lakini wapiganaji unawapata kwa kubahatisha: unalipa, unafungua, unatazama umepata nani. Hukumpata unayemtaka? Lipa tena. Waliopakua hawakufika hata sehemu ya kumi ya wale wa Mario. Fedha ikaizidi ya Mario.

Kaa hapo kidogo, mwanangu, usipite haraka. Kampuni ni moja, na miezi kati ya gemu hizo mbili haikufika hata miwili. Gemu iliyouza kwa uwazi kwa umati mkubwa ikapata kidogo, iliyouza bahati nasibu kwa wachache ikapata kingi. Mwenye fedha anaposema “ya kupakua bure”, anasema hiyo ya pili, hata kama maneno hayo hajayatamka. Fedha ya gemu za bure inatoka kwa wachezaji wachache wanaolipa sana, na gemu yote lazima ichongwe kuwafuata hao: subira iwe ndefu ili uikatishe kwa malipo, kitu kizuri kiwe adimu, kila wiki pawe na kinachomalizika muda. Mchora ramani wa hatua kama wewe anakuwa mpanga bei.

Nintendo wenyewe hawakuweza kuivaa nguo hiyo vizuri. Mwaka 2018 walitoa Dragalia Lost pamoja na Cygames, kampuni nyingine ya gemu, na baadaye gazeti la Wall Street Journal likaripoti kwamba Nintendo ndio walioomba mchezo urekebishwe ili wachezaji wasitumie fedha nyingi mno. Hebu fikiria kikao hicho: mbia mmoja anataka mauzo yapande, mwingine anaogopa jina lake lisichafuke kwa wazazi. Mwaka 2018 Ubelgiji ikabana masanduku ya kubahatisha, yaani mtindo huo wa kulipa bila kujua utapata nini, na mwaka 2019 Nintendo wakaziondoa huko Fire Emblem Heroes na Animal Crossing: Pocket Camp. Mario Kart Tour ilianza na mtindo huohuo, na mwaka 2022 wakauondoa.

Halafu kuna gharama ambayo vijana wa teknolojia hupenda kuisahau. Gemu ya konsoli ni kama kabati: fundi anamaliza, anapiga vanishi, mteja anabeba, fundi anaanza jingine. Gemu ya bure ya simu ni genge. Lazima lifunguliwe kila siku, liwe na mboga mpya, mtu akae pale hata mvua ikinyesha, na siku ukifunga hakuna kilichobaki. Programu yao ya simu Miitomo ilianza Machi 2016, ikazimwa Mei 2018. Dr. Mario World ilianza Julai 2019, ikazimwa Novemba 2021. Dragalia Lost ikafungwa Novemba 2022. Waliolipa hawakubaki na kitu cha kucheza. Pocket Camp ilipofika mwisho wa huduma yake mwaka 2024, Nintendo walifanya jambo la maana: wakatoa toleo la kulipia mara moja, lisilo na vishawishi vya kununua ndani. Yaani baada ya kuzunguka kote huko, gemu ile ikarudi kuuzwa kama kabati.

Sasa angalia uwiano. Mwaka wa fedha ulioishia Machi 2021, mwaka ambao dunia nzima ilikuwa imefungiwa ndani na simu mkononi, mapato ya Nintendo yote yalikuwa takriban yeni trilioni 1.76. Simu, pamoja na mapato ya haki za wahusika wao, yalileta yeni bilioni 57. Hiyo ni kama tatu katika kila mia. Kilichowaokoa ni ile NX, ambayo iliitwa Switch ilipotoka Machi 2017 na ikaja kuuza zaidi ya mashine milioni 150. Kama Iwata angewasikiliza wenye hisa mwaka 2011 na kuhamisha mafundi, nani angeijenga?

Najua bosi atakutajia Pokémon GO, gemu ya simu iliyovuma sana. Mwache aitaje, kisha mweleze. Ilitoka Julai 2016, bei ya hisa za Nintendo ikapanda mara mbili katika wiki mbili. Tarehe 22 mwezi huo Nintendo wakatoa taarifa ya kuwakumbusha watu kwamba gemu ni ya kampuni nyingine, Niantic, na kwamba wao wana karibu theluthi tu ya hisa za The Pokémon Company, inayosimamia jina la Pokémon, hivyo faida yao ni ndogo. Soko lilipofunguliwa Jumatatu hisa zikaporomoka karibu asilimia 18. Watu walikuwa wamenunua hisa bila kusoma jina la mwenye mali.

Nisije nikaonekana ninachagua mifano inayonifaa. Ipo Konami, kampuni nyingine ya gemu ya Japani. Mwaka 2015 rais wao mpya alisema mbele ni kwenye simu, na mwaka huohuo Hideo Kojima, mtu aliyebuni gemu zao za Metal Gear, akaondoka. Mashabiki wa konsoli wakawalaani, lakini fedha iliingia, tena vizuri. Wadogo zako hapa nyumbani ni ushahidi: eFootball, gemu ya mpira ya Konami, kwenye simu mchana kutwa mpaka bando liishe, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuwa na PlayStation yake. Kwa hiyo usimwambie mwenye fedha kwamba simu hazilipi. Zinalipa. Konami walikuwa na mpira wa miguu na karata za Yu-Gi-Oh!, vitu ambavyo mtu huvirudia kila siku bila kubembelezwa. Na waliokuwa wanatengeneza gemu kubwa za konsoli walitawanyika. Waliporudi na gemu yao ya kutisha, Silent Hill 2, mwaka 2024, kazi ilifanywa na Bloober Team wa Poland.

Hapo ndipo ninapoona swali lenu lilipo. Mtu huyu haombi studio yenu iongeze simu. Anataka kununua studio nyingine, yenye watu wa takwimu, wa matangazo na wa kukesha na seva, na amewakuta ninyi mkiwa na njaa kidogo. Nintendo waliweza kubahatisha na gemu nne tano zikafa kwa sababu walikuwa na Mario na akiba ya fedha inayomfanya mkaguzi atabasamu. Ninyi mna gemu moja iliyouza vizuri na watu ishirini. Moja ikifa, mmekufa.

Kama mkitaka kugusa simu, iko njia ya wadogo. Dead Cells ilitengenezwa na Motion Twin wa Bordeaux kwa ajili ya kompyuta na konsoli. Ilipofika zamu ya simu, mwaka 2019, kazi walipewa Playdigious, kampuni nyingine ya Ufaransa inayojua vidole na vioo, nayo ikauzwa kwa bei ya mara moja. Stardew Valley nayo ilifika simu mwaka 2018 kwa mtindo huo wa kulipa mara moja. Gemu imeshamalizika, imeshajilipa, jina limeshajulikana. Nyongeza inayopatikana ni nyongeza, na mafundi wenu hawajanyanyuka kwenye viti vyao.

Kwa hiyo kwenye maoni yako pendekeza hivi: gemu ya zamani ikodishwe kwa kampuni ya kuihamishia simu, kwa mkataba wa miaka michache, wahusika wabaki mali yenu. Hakikisheni mgawo unahesabiwa baada ya duka la Apple au Google kuchukua chake, na chake kwa miaka mingi kilikuwa kwa kawaida asilimia 30 kwa mauzo makubwa, ili msije mkagombania fedha ambayo haikuwahi kufika. Gemu mpya ibaki ya konsoli. Na huyo mwenye fedha aulizwe kwa maandishi, tena mbele ya bodi: mwezi wa kumi na nane baada ya gemu kutoka, nani analipa mishahara ya wanaoihudumia? Akijibu “mapato ya gemu”, basi hajawapa fedha, amewapa mkopo wa matumaini.

Kuna jambo moja tu linaloweza kunifanya nibadili nusu ya niliyoandika. Hukuniambia mna fedha za mishahara ya miezi mingapi kama hakuna gemu mpya itakayotoka. Ukiruhusiwa kunionyesha jedwali la mtiririko wa fedha, nitumie leo. Ukikatazwa, uliza idadi ya miezi tu. Ikiwa chini ya sita, tupigiane simu kabla hujaandika lolote, kwa sababu hapo itabidi tuzungumze juu ya kazi nyingine, iwe ndani ya studio hiyo au nje yake.

Mama yako