Safari moja ndefu au tatu fupi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Mimi ni mwalimu wa lugha, kila likizo napeleka wanafunzi 12 kwenye nchi inayozungumza lugha tunayosoma, tunakaa wiki moja tunarudi, kwa mwaka inakuwa mara tatu. Sasa kwenye kikao mzazi mmoja kanibana, anasema nawafundisha watoto kutunza mazingira halafu nawapandisha ndege kila baada ya miezi minne. Chupa za plastiki nimeshapiga marufuku na tiketi zote ziko kwenye simu. Je kuna kingine cha kufanya au safari zenyewe ndio niache?
Mwalimu mwenye wasiwasi

JIBU: Mwalimu wangu, pole kwa kubanwa ila mzazi ana hoja, tusimzunguke. Hayo ya chupa ni mazuri, endelea nayo, lakini ni kama unafagia uwani wakati moto unawaka jikoni. Moto wako uko kwenye ndege. Usafiri wa anga unatoa kama asilimia 2.5 ya hewa ya ukaa inayotokana na shughuli za binadamu, unaweza kusema mbona kidogo, ila watu wengi duniani mwaka mzima unaisha hawajakanyaga ndege, kwa hiyo huo mzigo ni wa wachache, na nyie mmo.

Sasa chukua kalamu. Wanafunzi 12 na wewe ni 13, kwenda na kurudi mara tatu ni viti 78. Mkienda mara moja mkakaa wiki tatu ni viti 26, na siku za kukaa kule ni zilezile 21! Na kwa lugha yenyewe mnafaidika zaidi, maana wiki ya kwanza mtoto bado anatafsiri kichwani. Mimi nilipokuwa najifunza ugenini siku saba za mwanzo zote ziliishia kwenye asante na samahani, ilikuwa siku ya kumi hivi ndo nikacheka utani mezani pamoja na wenzangu badala ya kucheka baada yao, sasa wewe wako siku ya nane wameshafungasha mabegi.

Likizo mbili zinazobaki waunganishe kwa video na darasa lilelile la wenyeji, shule za Ulaya zinafanya kazi pamoja mtandaoni kupitia eTwinning tangu 2005. Haifikii kwenda, kiukweli, ila wakikutana ana kwa ana wanakuwa hawaanzi na kutajana majina.

Kama treni au basi linafika huko, panda hilo hata kama ni safari ya kutwa. Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kupeleka wanafunzi nje, ilipoanza awamu mpya 2021 iliweka nyongeza ya euro 50 na hadi siku nne za njiani kwa wanaokwenda kwa njia kama hizo, yaani hawakuona muda wa njiani kama hasara. Ikibidi ndege basi iwe ya moja kwa moja, kila kuruka upya kunakula mafuta mengi.

Kulipia miti ipandwe ili kufidia? Sina imani sana. Moshi unatoka leo, mti unahitaji miaka mingi kuunyonya, na ukikauka au ukichomwa njiani nani atakurudishia?

Na malazi, achana na hoteli, gawa watoto kwenye familia. Hakuna taulo za kufuliwa kila asubuhi, halafu mtoto akitaka chumvi inabidi aiombe kwa lugha ya watu. Kuzipata familia za kukaa nao wiki tatu ndo kazi kuliko tiketi, anza miezi sita kabla, na huyo mzazi aliyekubana mpe hiyo kazi ya kutafuta.