Kijana Aliyelelewa na Mama Peke Yake Atajifunza Uanaume kwa Nani?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Mimi ni kijana wa miaka 22, mkazi wa Mtopanga, Mombasa, na kazi yangu ni bodaboda. Baba alituacha nikiwa darasa la pili, na mama ndiye aliyetulea kwa biashara ya mahamri na viazi karai. Wenzangu wa stejini husema kwamba mwanamume ni yule anayeogopwa, mwenye pesa na wanawake wengi, na kwamba kanisa humlegeza mtu. Kwenye simu nako nimewasikiliza watu wanaofundisha kwamba usipomtawala mwanamke atakutawala yeye. Je, upole wa Kikristo unapatana na uanaume? Na mtu asiye na baba ajifunze kwa nani? Tena, dada yangu mwenye miaka 17 ameanza kurudi nyumbani usiku. Je, nina haki ya kumchapa, maadamu mimi ndiye mwanamume wa nyumba?

JIBU: Amina, mwanangu. Swali la dada yako nitalijibu mwisho, kwa sababu jibu lake linategemea hayo mawili ya kwanza.

Maandiko hayaoni haya kumwambia mwanamume awe mwanamume. Daudi alipokaribia kufa alimwambia Sulemani, "uwe hodari, ujionyeshe kuwa mwanamume" (1 Wafalme 2:2), kisha papo hapo akamwagiza ayashike maagizo ya Bwana. Paulo naye aliwaandikia Wakorintho, "Kesheni, simameni imara katika Imani, fanyeni kiume, mkawe hodari," na kabla hajaliacha neno hilo akaongeza, "Mambo yenu yote na yatendeke katika upendo" (1 Wakorintho 16:13-14). Kwa hiyo anayekuambia kwamba imani inamtaka mwanamume alegee hajayasoma Maandiko, ingawa sitakataa kwamba baadhi ya mahubiri yetu yamempa sababu ya kusema hivyo, kwa kuwa aghalabu tunawaita vijana na kuwahesabia ya kuepuka, yaani pombe, muguka, kamari na zinaa, kisha tunawarudisha nyumbani bila kuwapa jukumu lolote la kubeba.

Ukiniuliza Biblia inampima mwanamume kwa kipimo gani, nitakujibu hivi: tazama walio dhaifu kuliko yeye wanapokuwa karibu naye, uone kama wako salama. Soma kitabu cha Ruthu, ambacho vijana wa kiume hukiruka wakidhani ni hadithi ya wanawake. Ruthu alikuwa mjane, maskini, tena mgeni kutoka Moabu, akiokota masazo ya shayiri katika shamba lililojaa vibarua vijana, na hatari ilikuwapo kweli, kwa maana Naomi, mama mkwe wake, alimwonya asikutwe katika shamba jingine lolote. Boazi, mwenye shamba, hakungoja Ruthu alie. Alikwisha kusema na wanaume wake, na ndiyo maana alimwambia, "Je! Sikuwaagiza hawa vijana wasikuguse?" (Ruthu 2:9). Akamruhusu anywe maji yaliyotekwa na vijana hao, na baadaye akawaagiza wamwachie masuke makusudi, wala wasimkemee.

Angalia vizuri kwamba Boazi alisema na wanaume wenziwe, na hapo ndipo pagumu. Kuwa mwema kwa mwanamke kimyakimya ni rahisi kuliko kuwakataza rafiki zako mbele ya watu. Wewe unaijua steji kuliko mimi: msichana wa shule anashuka kwenye matatu, makanga bado amemshika mkono, waendesha bodaboda wawili watatu wanaanza kutoa maneno juu ya umbo lake, na wengine wote wanacheka, si kwa sababu jambo lenyewe linachekesha, bali kwa sababu asiyecheka ataulizwa ana nini. Kijana atakayesema hapo, bila matusi na bila kutafuta ugomvi, "Mwacheni mtoto wa watu apite," amefanya kiume kwa maana ile ya Paulo, na huenda akaitwa laini jioni nzima.

Tena Boazi huyohuyo, Ruthu alipomjia usiku katika uwanja wa kupuria mahali ambapo hakuna jicho lingewaona, alimhifadhia heshima yake, na asubuhi akaenda kuketi langoni mbele ya wazee kumi, akamwita jamaa aliyekuwa na haki ya karibu zaidi ya kumwoa Ruthu, ili shauri likatwe kwa uwazi. Jambo ambalo angeweza kulichukua gizani alilitafuta mchana mbele ya mashahidi. Wale wa stejini wanaojisifia idadi ya wanawake wamsome huyu.

Sasa kuhusu upole. Wengi hudhani kuwa mpole ni kunyamaza ukionewa, lakini Bwana wetu alipopigwa kofi na mtumishi wa kuhani mkuu alimtaka aeleze: "Kama nimesema vibaya, ushuhudie ule ubaya, bali kama nimesema vema, wanipigia nini?" (Yohana 18:23). Hakurudisha kofi, wala hakujifanya kwamba hakuonewa. Ndiye aliyepindua meza za wabadili fedha, na ndiye aliyelia machozi kaburini kwa Lazaro. Nguvu yake ilikuwa chini ya amri yake mwenyewe, na Mithali husema kwamba mtu aitawalaye roho yake ni bora kuliko mtu atekaye mji (16:32). Kuogopwa si kazi kubwa. Hapa Kisauni tumeona watoto wenye mapanga wakiufunga mtaa mzima, watu wazima wakijifungia milango, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kuitawala hasira yake kwa dakika moja.

Na hao wanaofundisha kwenye simu juu ya kutawala wanawake, wengi ukiwasikiliza kwa makini utasikia uchungu wa kuachwa kuliko elimu ya ndoa. Paulo aliyeandika kwamba mume ni kichwa cha mkewe ndiye aliyeeleza maana yake, kwamba mume ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda Kanisa, "akajitoa kwa ajili yake" (Waefeso 5:25). Mtu akikufundisha ukichwa bila kukufundisha kujitoa, amekupa nusu ya aya.

Nije kwa lile lililokuumiza zaidi, nadhani, yaani kukosa baba. Timotheo, ambaye Paulo alimwachia kanisa la Efeso, anatajwa kuwa mwana wa mama Myahudi aliyeamini, na juu ya baba yake tunaambiwa tu kwamba alikuwa Myunani. Imani yake Paulo aliifuatilia hadi kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike. Basi usiyaonee haya mafunzo ya mama yako, kwa maana aliyeamka alfajiri akakanda unga kwa miaka yote hiyo amekwisha kukufundisha ustahimilivu, ambao ndio kazi ngumu kuliko zote katika uanaume. Hata hivyo Timotheo alihitaji mwanamume mzima wa kufuatana naye, na Paulo alimchukua safarini, akamwona akifanya kazi, akifungwa na akiomba. Alijifunza kwa kufuatana na mtu zaidi ya kusikiliza hotuba.

Hapa pwani kwetu tuna ushahidi wa karibu. Freretown ilianzishwa mwaka 1875 kuwa makao ya watumwa waliokombolewa, na kengele yake ya kuwaonya watu juu ya hatari ndiyo iliyopatia mahali hapo jina la Kengeleni, unapopita kila siku na abiria. Wengi wa waliolijenga kanisa huko na Rabai walitekwa wangali watoto, wasiwajue tena baba zao. William Jones alikuwa mmoja wao: aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akalelewa na wamisionari huko India, akarudi Afrika Mashariki na kupewa ushemasi mwaka 1885. Askofu James Hannington alipouawa Busoga, Uganda, mwaka huohuo, Jones ndiye aliyeuongoza msafara uliosalia kurudi hadi Rabai, na huko Rabai aliwapokea watumwa watoro waliokimbilia misheni, ingawa mabwana zao walikuwa wakiwadai kwa vitisho. Mtu aliyenyang'anywa baba akawa mahali pa usalama kwa wana wa watu wengine.

Kwa hiyo tafuta mzee katika kanisa lako, wala usivutwe na mwenye sauti kubwa au gari zuri. Mchunguze nyumbani kwake: je, mkewe na watoto wake wanaweza kusema neno mbele yake bila kwanza kumtazama uso? Ukimpata wa namna hiyo, usimwombe ushauri tu, omba kufuatana naye. Nenda naye Kongowea anaponunua bidhaa, kaa naye katika kamati ya mazishi, msindikize kumtazama mgonjwa, uone anavyoomba radhi anapokosea na anavyokataa jambo bila kufoka.

Katika kazi yako pia una shule. Ukishalipa petroli na fungu la mwenye pikipiki, tenga sehemu ya mama kabla ya matumizi yako, kwa kuwa asiyewatunza walio wake ameikana Imani (1 Timotheo 5:8). Nauli mliyopatana na mgeni usiku isibadilike mkifika. Na abiria wa kike ukimfikisha kwake usiku, ngoja hadi afunguliwe mlango ndipo uwashe pikipiki uondoke.

Basi dada yako. Haki ya kumchapa huna. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika ibara ya 29, inamkinga kila mtu dhidi ya ukatili na adhabu ya viboko, na kwa miaka 17 yeye bado ni mtoto kisheria. Neno la Mungu nalo lilikuwa limekwisha kukuagiza uwatendee wanawake vijana kama ndugu wa kike, "katika usafi wote" (1 Timotheo 5:2), sembuse dada yako wa tumbo moja. Simeoni na Lawi walijiona watetezi wa dada yao Dina, aliyekuwa amenajisiwa, walipomwaga damu katika mji wa Shekemu, lakini Yakobo alipokuwa akifa aliilaani hasira yao, na katika habari yote ile hakuna anayemuuliza Dina neno. Wewe muulize wako. Huenda kuna mvulana, huenda kuna kazi anayoifanya kwa siri ili kumsaidia mama, huenda kuna mtu anayemtisha njiani, naye dada yako hungoja mtu huyo apite. Msikilize mpaka amalize, kisha ketini watatu pamoja na mama yenu, kwa sababu uamuzi wa saa za kurudi nyumbani ni wake. Tangu leo mwambie akipatwa na giza akupigie simu, umfuate kwa pikipiki popote alipo, hata kama utampoteza abiria, na maswali yangoje hadi asubuhi.