Der, die au das Band? Yote matatu yapo

Mkuu, umeuliza nani kakosea: kamusi ya Kijerumani inasema der Band, mwalimu kaandika das Band, na wenzako kazini wanasema die Band. Hakuna aliyekosea. Hayo ni maneno tofauti yanayoandikwa kwa herufi zilezile, na der, die, das ni vijineno vya mbele vinavyoonyesha jinsia ya nomino.

Mimi lilinikuta mwaka wangu wa kwanza Ujerumani. Jirani aliniambia mdogo wake "arbeitet am Band", yaani anafanya kazi kwenye Band. Nikauliza kwa furaha, anapiga ala gani? Akabaki ananitazama. Kumbe dogo yuko kiwandani, anafunga vipuri kwenye mkanda unaotembea! Hiyo ndiyo das Band: mkanda, utepe, kanda ya kurekodia, hata kano inayoshikanisha mfupa na mfupa. Wingi ni Bänder. Ukiteguka mguu daktari akataja Bänderriss, ujue kano imechanika.

Der Band ni juzuu ya kitabu, wingi Bände. Zote mbili zinatokana na binden, yaani kufunga, na zinatamkwa "bant", maana d ya mwisho Wajerumani huigeuza t. Die Band sasa ndiyo bendi yetu hii ya muziki. Wameichukua kwa Waingereza kama sisi, kwa hiyo inatamkwa karibu na "bent", na wingi wake ni Bands.

Halafu kuna das Band nyingine yenye wingi Bande, mafungamano ya urafiki au ya damu. Hii utaikuta zaidi vitabuni. Usiichanganye na die Bande, genge la wahuni, iliyotoka Kifaransa. Na ukiangalia mpira, yale mabango ya matangazo kando ya uwanja nayo ni Bande. Hapo hata mimi nilitaka kufunga daftari.

Lakini mbona sisi tuna barabara ya lami na kazi iliyofanyika barabara, na mkazo tu ndio unaozitenganisha? Paa amekimbia, paa limevuja: ngeli imeshakwambia yupi mnyama na lipi la nyumba. Der, die, das zinafanya kazi hiyohiyo. Kwa hiyo usikariri Band peke yake, kariri pamoja na wingi wake: das Band, Bänder, der Band, Bände, die Band, Bands.

Yule dogo wa kiwandani nilikuja kukutana naye. Hata ngoma hajui kupiga.