Boksi la sheli si boksi la bafuni

Miaka ya mwanzo ya ufundi wangu nilifunga boksi la jointi, la kuungia nyaya za umeme, kwenye sheli moja huko Tanga, hatua chache kutoka pampu ya petroli. Masika yalipokolea nikalifungua nikakuta maji. Nikafanya ambacho fundi yeyote wa majumbani angefanya: nikanunua tyubu ya silikoni, nikapaka mdomo wote, nikakaza mfuniko, na iliyochuruzika pembeni nikaifuta kwa kidole. Likapendeza. Wiki iliyofuata akaja mzee aliyekuwa akikagua kazi zetu. Akalitazama, akaniuliza, "Kijana, hii keki umepaka wewe?"

"Ndiyo, mzee. Maji yalikuwa yanaingia."

"Sasa moto utatokea wapi?"

Swali lenyewe sikulielewa. Nilidhani boksi zito vile, la aluminiamu nene na bolti nane, kazi yake ni kuzuia mvuke wa petroli usiingie. Kumbe mvuke utaingia tu. Boksi hupata joto mchana, hupoa usiku, na kila likipoa huvuta hewa ya nje kama mtu anavyopumua. Aliyeunda boksi lenye alama ya Ex d, yaani la kuhimili mlipuko ndani yake, alilikubali hilo tangu mwanzo. Anachotaka ni kwamba, siku cheche ya swichi ikiuwasha mvuke uliomo, mlipuko uishie humohumo, boksi lihimili, na gesi ya moto itoke ikijipenyeza kati ya nyuso mbili za chuma zilizobanana. Njia hiyo ni nyembamba, na ina urefu wa kutosha moto kuachia joto lake kwenye chuma kabla ya kufika nje. Taa ya wachimba makaa aliyoibuni Humphry Davy mwaka 1815 ilitumia ujanja wa namna hiyo: wavu wa chuma uliupoza moto, gesi ya mgodini isiwake.

Mwanya huo huhesabiwa kwa vipande vya milimita. Silikoni yangu ilikuwa imeinua mfuniko. Tena boksi la aina ile lililipuliwa maabara kabla ya kupewa cheti, na hakuna aliyelijaribu likiwa na keki yangu.

Kuiondoa kulinichukua mchana mzima, umeme umezimwa na kufuli limetiwa kwenye swichi kuu. Sikuruhusiwa msasa wala bisibisi, maana mkwaruzo mmoja kwenye ule uso ni mlango wa moto. Nilitumia kijiti cha mbao, kitambaa na kiyeyusho kisichokula chuma, kisha nikapaka utando mwembamba wa grisi isiyoganda, ile inayoruhusiwa na mtengenezaji. Rangi pia hairuhusiwi pale. Nimeona sheli zikipakwa rangi mpya kwa ajili ya uzinduzi, na fundi rangi akapitisha brashi juu ya kila kitu, nyuso za mfuniko na kibao cha cheti vikiwemo.

Na maji? Yalipitia kwenye glandi, kile kifungo kinachobana kebo inapoingia kwenye boksi. Kebo ilikuwa nyembamba, glandi kubwa, na aliyenitangulia alijaza nafasi kwa kuzungusha tepu. Tulibadilisha glandi ikawekwa yenye cheti inayolingana na kebo, na kebo ikapindishwa chini kidogo kabla ya kuingia ili matone yadondoke. Kama maji ni ya unyevu unaogeuka matone ndani, kuna vali ndogo za kupumulia na kutolea maji zenye cheti chake. Tafadhali usitoboe tundu kwa drili. Boksi la Ex d ukilitoboa mwenyewe, cheti kimekufa.

Bolti ndiyo vita yangu ya kila siku. Nane zikitakiwa, nakuta tano, na mojawapo imetoka duka la vifaa vya ujenzi. Mlipuko husukuma mfuniko wote kwa pamoja. Pale penye pengo ndipo moto unapochomoka. Hapa pwani chumvi hugandisha bolti ya chuma kwenye aluminiamu, fundi anakata kichwa, anaondoka. Wakati huohuo mhudumu anamfokea mteja azime simu!

Lipo na boksi la Ex e, na hili mantiki yake ni tofauti kabisa: halimezi mlipuko, bali ndani yake hapatakiwi kutokea cheche hata moja. Lenyewe ndilo lenye gaskiti ya kulinda. Kaza vituo vya nyaya kwa kipimo alichoandika mtengenezaji, na usiweke swichi ya kawaida humo.

Unaponunua, soma kibao. Petroli iko kundi la gesi la IIA, na daraja la joto la T3, yaani uso wa kifaa usizidi nyuzi 200, linatosha. Boksi la IIB T4 linakubalika, kwa kuwa ni kali zaidi. Namba ya cheti ikiishia na X, kuna sharti maalumu ndani ya cheti, kitafute ukisome. Ikiishia na U, hicho ni kipuri tu, hakifungwi peke yake.

Kiwango cha IEC 60079-17, cha kimataifa cha ukaguzi wa vifaa vya umeme penye hatari ya mlipuko, hakitaki muda kati ya ukaguzi mmoja wa kawaida na mwingine upitilize miaka 3. Kando ya bahari mimi naona hata mwaka mmoja ni mrefu, na mashimo ya matangi nayaanza kwanza, kwa sababu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa na hutuama chini kama maji.

Jingine: boksi jipya huja na vizibo vya plastiki kwenye matundu ya kebo. Ni vya kuzuia vumbi safarini tu. Tundu usilolitumia linataka kizibo cha chuma chenye cheti, kilichokazwa kwa spana. Vya plastiki nimevikuta vimeachwa mara nyingi mno, hata kwenye sheli iliyokwisha kuuza mafuta miaka miwili. Navichomoa natia mfukoni. Nyumbani nina kopo limejaa, na wanangu wamevigeuza kete za drafti.