Waridi la jangwani linataka kiu kabla ya kuchanua

Mmea wangu wa kwanza wa waridi la jangwani ulikufa mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamepamba moto hapa Moshi. Niliununua kwa mama mmoja auzaye miche kando ya barabara, ukiwa na maua mekundu sita, nikaupanda katika udongo mweusi wa bustanini uliochanganywa na samadi, kisha nikawa ninaumwagilia kila jioni pamoja na mchicha. Majani yalipogeuka manjano nilidhani una kiu, nikaongeza maji. Siku nilipolishika shina lake nene, vidole vilizama kama katika papai lililooza.

Nilirudi kwa yule mama nikamweleza yote. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, huo si mgomba. Tumbo lake likiwa limejaa, uache."

Tumbo alilolisema ni lile shina lililovimba karibu na ardhi, ambalo ndilo ghala la maji la mmea huu. Wataalamu huuita Adenium obesum, jina la kwanza likitokana na Aden, mji wa bandari wa Yemeni, kwani asili yake ni nchi kame za kuanzia Saheli hadi Afrika Mashariki na Uarabuni. Mizizi yake imezoea mvua inayopita na udongo unaokauka upesi, na ndiyo maana udongo wetu wenye rutuba, tunaojivunia kwa migomba na kahawa, huuozesha.

Kwa hiyo anza na udongo. Mimi huchanganya sehemu mbili za changarawe ndogo nyepesi za volkano, ambazo kwetu hazitafutwi mbali, sehemu moja ya mchanga mnene wa mtoni uliooshwa, sehemu moja ya maganda ya mpunga yaliyochomwa yakawa meusi bila kufikia kuwa majivu, na nusu sehemu ya samadi iliyooza kabisa. Ukimimina maji na yakatuama juu, mchanganyiko bado ni mzito, ongeza changarawe. Chungu kiwe cha udongo wa kufinyangwa, kipana kuliko kilivyo kirefu, chenye tundu kubwa chini, na masika yakiingia kihamishie barazani.

Maji ndiyo yanayowashinda wengi, kwa sababu tumelelewa kuamini kuwa kumwagilia ni kutunza. Ingiza kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili, na ukihisi unyevu wowote, usimwagilie. Januari na Februari, jua linapowaka, mimi humwagilia mara mbili kwa wiki. Kuanzia Juni hadi Agosti, mlima unapojifunika mawingu siku nzima, mmea hupukutisha majani na kulala, nami huupa maji kidogo sana, pengine mara moja kwa mwezi. Usishtuke ukiuona uko uchi. Bonyeza shina, na likiwa gumu, mmea ni mzima. Wasomaji wa Arusha wawe waangalifu zaidi, kwa kuwa mji wao uko juu kuliko Moshi na usiku wa Julai una baridi kali. Vyungu vikae kando ya ukuta unaopigwa na jua.

Septemba ndipo ninapokata matawi. Maua hutokea kwenye ncha za matawi machanga, na tawi moja likikatwa huchipua mawili au matatu, hivyo anayeonea huruma matawi marefu hujinyima maua. Tumia kisu kikali kilichopanguswa kwa spiriti, kata kwa mshazari, kisha uache kidonda kikauke kabla ya kurudia kumwagilia. Vaa glavu, kwani utomvu wake ni sumu, hata ulitumiwa na wawindaji wa Afrika kupaka mishale. Watoto na mbuzi wakae mbali. Baada ya hapo mmea upate jua la moja kwa moja kwa saa sita au zaidi. Yurea isitumike, maana huleta majani tu. Chagua mbolea iliyozidi fosforasi na potasiamu.

Vidukari vya manjano hupenda machipukizi hayo mapya, lakini maji yenye sabuni kidogo huwatosha.

Ukiwahi kuona sehemu laini kwenye shina, usisubiri. Ng'oa mmea, kata hadi ufikie nyama nyeupe isiyo na doa, paka unga wa mkaa, uuweke kivulini kwa wiki nzima, kisha uupande upya katika mchanga mkavu. Nimeokoa miwili kwa njia hiyo.

Mmoja wao ulizaa mwaka uliopita maganda mawili yaliyokaa kama pembe. Niliyafunga kwa uzi kabla hayajapasuka, maana mbegu zake zina manyoya pande zote mbili na hupeperuka. Nilizipanda zikiwa mbichi, zikaota ndani ya wiki moja, na sasa miche kumi na mmoja ina matumbo ya ukubwa wa kidole gumba.