Anzia kitabu kinachotaja mahali unapopajua

Ndugu umeuliza vitabu vya Kiswahili vya mambo ya kweli, si riwaya, wala vile vya "siri za utajiri". Mie niko Ngamiani, Tanga, nakutajia nilivyosoma mwenyewe.

Wengi watakwambia uanze na Maisha Yangu cha Shaaban Robert. Kisome, mzee ni wetu, mzaliwa wa Vibambani hapo Machui. Ila ni mtu wa staha. Utapata nasaha nyingi kuliko siri. Mie nampenda zaidi anapomwandika mwenziwe, kwenye Wasifu wa Siti binti Saad (1958), yule mwimbaji wa taarabu wa Unguja: mtoto wa Fumba aliyeuza vyungu, hadi 1928 yuko Bombay anarekodi santuri.

Kilichonishika hasa ni Habari za Wakilindi cha Abdallah bin Hemedi, aliyeishi na kufanya kazi na Wakilindi wenyewe, ule ukoo uliotawala Usambaa. Nilikisoma ndani ya basi la Lushoto. Tumepita Mombo, gari linapanda, kona juu ya kona, nami niko kwa Mbegha, mwanzilishi wa ukoo huo, yule kigego aliyeota meno ya juu kwanza, akadhulumiwa urithi, akaingia Usambaa na mbwa wake wa kuwinda. Mzee wa kiti cha pili alikuwa akichungulia muda wote.

"Umefika wapi?"

"Anaua simba, babu."

"Hebu soma kwa sauti."

Nikasoma. Kila ukurasa ananikatiza: "Hapo sivyo. Kwetu Vuga twasimulia vingine." Mpaka Soni nusu ya basi wanabishana, kondakta naye kasahau nauli. Mbele huko, ndugu wanapogombea ufalme baada ya kufa mfalme Kimweri, majina yatakuchanganya. Chora ukoo nyuma ya daftari, usione aibu.

Cha mwisho ni Desturi za Wasuaheli cha Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, kilichochapwa Ujerumani 1903. Unyago, harusi, pepo, ngoma, vyote vimo, kwa Kiswahili cha Mrima, yaani pwani ya bara. Nilimsomea bibi anapepeta mchele. Kufika kwenye mambo ya makungwi, ungo ukasimama. "Nani kamruhusu mwanamume kuandika haya?" Kisha akaniambia niendelee, polepole.

Huyo Mtoro alifundisha Kiswahili Berlin, akaoa Mjerumani. 1905 akataka kurudi na mkewe. Wakoloni wakawakatalia kushuka Dar es Salaam. Aliyetuandikia desturi za nyumbani alifia Berlin 1927. Nikikumbuka hilo, zile kurasa za harusi huzisoma kwa namna nyingine kabisa.

Madukani hutavipata kirahisi. Ulizia kwa wauza vitabu vya mitumba, au wazee wenye masanduku. Ukiwa Tanga nitakuazima Siti. Wakilindi sitoi: nakala ya kwanza niliazimisha, mwaka wa tatu huu, na aliyeichukua bado ananiamkia kila asubuhi kama hakuna lililotokea.