Re: V-bit inaunguza mninga kwenye kona za herufi

Mambo mkuu. Kwa hiyo unachonga jina kwenye mlango wa mninga kwa CNC (mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta), V-bit (kisu chenye ncha ya V) ya digrii 60 meno mawili, spindo (mota inayozungusha bit) 24,000 rpm, yaani mizunguko kwa dakika, fidi (mwendo wa bit kwenye mbao) 800 mm kwa dakika, na kila kona inatoka nyeusi. Kabla hujagusa setingi cheki bit yenyewe, ipitishe taratibu juu ya ukucha, ikiteleza bila kukwangua hiyo imeshakufa, weka namba yoyote itaunguza tu.

Kama bado kali, piga hesabu: zidisha rpm kwa idadi ya meno, halafu fidi igawe kwa jibu hilo. Yako inakula 0.017 mm kwa kila jino, hapo haikati, inasugua. Sie huku Keko mninga tunaupeleka 16,000 na fidi 1,600 hivi, inakuja 0.05, na ukishika vumbi unasikia chembechembe, sio laini kama sembe.

Ila kwa herufi ndogo kupandisha fidi peke yake ni kujichosha, maana mashine ikifika kona inapunguza mwendo, haifikii hata hiyo namba uliyoandika, ndo maana mistari mirefu inatoka safi na moshi uko konani tu. Shusha rpm kwanza. Na usizame kwa mkupuo, herufi ya upana wa mm 6 kwa digrii 60 inashuka karibu mm 5.2, igawe mara mbili tatu, ya mwisho ikwangue kidogo tu.

Halafu hujasema, spindo yako inapoozwa kwa maji au feni? Kama ni feni iliyofungwa kwenye shafti ya spindo usishushe rpm sana, feni nayo itazunguka polepole na spindo itachemka.